Mvinyo wa Boma la Rumonge Nilioutunza Bila Kuuonja

Siku ya kwanza kazini, mwanangu Saidi akiwa mgongoni, Bwana Luteni wa boma la Rumonge alinisimamisha mbele ya shimo lililochimbwa chini ya ghala. Ndani kulikuwa na chupa zimelazwa juu ya mchanga wenye maji. "Zilale hivyo hivyo," akasema. "Kizibo kikikauka, hewa inaingia, mvinyo unakuwa siki." Alinichukua kwa sababu nilijua kusoma, na kwa sababu mimi ni Mwislamu: alijua sitakunywa. Shehe wetu hakupenda hata nizishike chupa zile. Nilimwambia mtoto anataka kula.

Enzi hizo za Wajerumani, mvinyo mwekundu ulitoka Bordo, Ufaransa, nchi ya mito na changarawe. Ulikuwa wa kuchanganywa zabibu za aina mbili. Zabibu za kabernet zina ukakasi kama ndizi mbichi. Za merlo ni laini, zinaupoza. Ulifika Ujiji vichwani mwa wapagazi, kisha kwa mtumbwi mpaka kwetu. Safari huuvuruga, kwa hiyo niliuacha utulie wiki tatu, ndipo nikaumimina taratibu, mashapo yabaki chini ya chupa.

Vijana mnaniuliza nilijuaje kazi bila kuonja. Nilikuwa naosha glasi! Siku ya mbuzi wa kuchoma zilirudi tupu. Siku ya ng'ombe na maharage, tupu. Siku ya mukeke wa mawese zilirudi zimejaa. Samaki yule wa ziwani ana mafuta, hapatani na ule ukakasi. Ulimi unabaki kama umelamba jembe.

Nilimwambia mpishi mkuu, mzee wa Ujiji. Akacheka. "Mama Saidi, weye osha tu. Mukeke ndiyo sifa ya Rumonge. Mugeni atakula nini ingine?"

Basi akaja Bwana Mkubwa kutoka Usumbura, na mpishi akapika mukeke. Mgeni akanywa, akatema. "Hii iko chuma!" Luteni akamtazama mpishi, na mpishi akaninyooshea kidole mbele ya askari na wake zao: "Huyu mama anakunywa, halafu anajazia maji ya ziwa."

Mimi! Nami nilikuwa nimefunga sunna siku ile. Kazi ingepotea, sawa. Lakini mwanamke wa Kiislamu akiitwa mlevi Rumonge, hata mtoto wake anatukanwa kisimani.

"Chupa hiyo isiondoke mezani," nikasema. "Leteni mbuzi."

"Unaniamuru?" akauliza Luteni.

"Nakuomba kwa sauti kubwa, Bwana."

Mbuzi wa chakula cha askari alikuwa motoni, nyama ikaletwa. Bwana Mkubwa akatafuna, akanywa glasi ile ile. Kisha akaisogeza aongezewe.

"Haya, rudi kazini," Luteni akaniambia.

"Sirudi. Mpishi aseme kwanza, mbele ya watu hawa hawa."

Mzee akatazama vidole vya miguu yake. "Mama Saidi hakunywa."

"Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, akipaza sauti.

Niliifanya kazi ile mpaka Wajerumani walipoondoka. Sasa nimepumzika, miguu imechoka, lakini hasira yangu kwa yule mzee bado iko nzima na sina haraka ya kuimaliza. Baada ya Luteni yule walikuja maluteni wengine wawili. Kila mmoja, siku ya kufika, aliinua chupa na kuniuliza mvinyo huu una ladha gani.

"Sijui, Bwana," nikawajibu. "Leo utakula nini?"