Sigara ya Baba Inayokataa Chaji

Sijawahi kuchukia kitu kilichofika mezani kwangu kama nilivyoichukia sigara ya umeme ya baba. Mimi ni fundi simu hapa Arua, Uganda, na meza yangu imeshapokea mengi: simu iliyotumbukia chooni, simu iliyolaliwa na kuku, simu ya mchinjaji yenye damu iliyoganda kwenye vitufe. Zote hizo nilizisafisha na mchana nikala. Lakini kile kidude, chembamba kama kalamu na kizito kuliko kalamu, kilikuja kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na nilipoufungua nikapigwa na harufu ya pipi ya stroberi iliyochanganyika na mdomo wa mzee. Sehemu ya kunyonyea ilinata. Kitako kilikuwa kinavuja maji ya kahawia. Nilivaa glavu, jambo ambalo hata simu ya chooni haikunilazimisha kulifanya, na ugali wangu wa muhogo siku hiyo nilimpa mwenzangu wa duka la jirani.

Ugomvi wangu na tumbaku ni wa zamani. Nilikulia kijijini Adumi, nyumbani ambako kila msimu ulikuwa msimu wa tumbaku. Sisi watoto ndio tuliotunga majani mabichi kwenye fito kabla hayajaingizwa bandani kukaushwa. Yana utomvu kama gundi: mwanzo wa kijani, ukikauka unakuwa mweusi, na kwa sabuni hautoki. Asubuhi yenye umande sumu yake iliingia kwenye ngozi, na ikifika saa nne kaka yangu na mimi tulikuwa nyuma ya banda tunatapika kwa zamu. Baba alicheka, si kwa ubaya, akasema tutazoea. Hatukuzoea. Mpaka leo nikiisikia harufu ile mate hunijaa mdomoni.

Yeye hakutapika hata siku moja. Alivuta majani yake mwenyewe, ya kusokota, tangu alipotoka jeshini mpaka mwaka jana, kifua kilipomlaza hospitali wiki mbili. Daktari alimwambia waziwazi, sisi tukisikia, kwamba mapafu yamechoka na moshi mwingine utayamaliza. Baba aliitikia kiaskari, ndiyo bwana, ndiyo bwana. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani akakutwa nyuma ya choo na msokoto unaowaka.

Hapo ndipo kaka alipoleta akili yake. Yeye ni mfanyabiashara wa Koboko, mahali ambapo bidhaa za Congo na za Sudan Kusini hukutana, na huko akapata sigara ya umeme, inayouzwa kimyakimya kwa sababu sheria ya Uganda hairuhusu. Alisema hii haina moshi, ni mvuke tu. Nikamuuliza mvuke wa nini, akasema wa matunda. Daktari hatukumwuliza, maana wote wawili tulijua angejibu nini. Nilisema kitu hiki ni kinyaa kitupu. Kaka akasema basi leta dawa yako, na mimi sikuwa na dawa.

Baba alikipokea kidude sebuleni, akakigeuzageuza, akavuta, akakohoa. Kisha akatoa neno lake kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho ndicho lugha ya nyumba ile, kwa kuwa marehemu mama alitoka upande wa Congo na baba alikuwa na Kilugbara na Kiswahili cha kambini, wakakutana hapo katikati.

"Kama hii kitu iko na moto, mimi hapana gusa taba. Nimesema."

Moto kwake ni chaji, na taba ni tumbaku. Sasa, baba ana mabaya yake mengi, lakini neno akishalitoa mbele ya watu halirudi. Aliwahi kukaa miaka saba bila kuingia nyumba ya shemeji yake, ambayo ukisimama kwetu unasikia wakisonga ugali, kwa sababu tu alikuwa amesema hataingia. Kwa hiyo kaka na mimi tulipumua. Kazi iliyobaki ilikuwa kuhakikisha kidude hakikosi chaji.

Kikakosa.

Koboko, dukani kwa kaka, kilichaji bila shida: taa nyekundu, na baada ya saa moja taa ya kijani. Adumi, kwenye chaja mpya ya sola ambayo kaka mwenyewe alimnunulia mzee, hakikuwaka kabisa. Kwenye pawabenki kiliwaka kidogo, kikazima. Kaka akanipigia simu akiwa na hasira ya mtu aliyetoa zawadi ikasemwa vibaya.

"Dada, ile kitu iko muzima. Kwangu hapa iko nakula chaji muzuri sana. Shida iko kwa sola ya muzee."

Baba naye akasema sola yake haina neno, simu yake inajaa kwa sola hiyohiyo. Walibishana siku mbili. Katika siku mbili hizo, jirani wa baba alinieleza, mzee alikuwa anashinda mlangoni na jani kavu mkononi, hajaliwasha, analinusa tu. Nikasema nileteeni hicho kinyaa.

Kitu kinachochaji hapa na kukataa pale hakihitaji kubishaniwa. Unabadilisha jambo moja tu kila mara na kuangalia mita. Niliweka chaja moja nikabadilisha waya, kisha nikaweka waya mmoja nikabadilisha chaja, huku nikipumua kwa mdomo ili nisisikie ile stroberi. Waya wa zamani, wenye kichwa kipana upande mmoja, ulipitisha umeme kwenye kila chaja iliyoupokea. Waya mpya wenye vichwa vidogo pande zote mbili haukupitisha kitu. Sababu yake naijua: tundu dogo la chaja za siku hizi ni kama askari wa getini, halitoi umeme mpaka kifaa kijitambulishe, na vidude vya ovyo kama hiki havikuwekewa kile kipande kidogo cha kujitambulishia. Tundu pana la zamani haliulizi, linatoa tu. Kaka alikuwa anatumia waya wa zamani bila kujua. Pawabenki nayo ilijizima kwa sababu kidude kinanyonya umeme mdogo mno, ikadhani imeshajaza simu ya mtu.

Nilichukua waya wa kichwa kipana, nikaufunga uzi mwekundu, nikautuma pamoja na kidude. Nikampigia baba. Nikamwambia atumie wenye uzi mwekundu tu, kwenye sola, mwingine asiuguse.

"Sawa, fundi," akasema, na nilisikia anatabasamu.

Siku tisa zikapita vizuri. Siku ya kumi kidude kikakataa hata uzi mwekundu. Kaka alikipitia akakipeleka Koboko, akaubana waya wake kwa kidole, kikawaka, akakirudisha kwangu na maneno yaleyale kwamba kiko kizima. Kwangu, kati ya nyaya sita, mmoja tu ndio ulioshika, na huo ulikuwa na ncha ndefu kidogo kuliko zingine. Nikachukua lenzi nikatazama ndani ya tundu la chaji. Lilikuwa limejaa. Nilichokonoa kwa sindano iliyochovywa spiriti, kikatoka kidonge cheusi, laini, kama nta ya sikio. Na mimi kwa ujinga wangu nikakinusa: tumbaku.

Nilitoka mbio mpaka kwenye mtaro. Mteja aliyekuwa anasubiri kioo chake akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia nina baba.

Nilijiambia ni koti. Baba ana koti moja kubwa la kijeshi ambalo alibebea tumbaku tangu sijazaliwa, na kidude alikuwa anakiweka mfuko uleule. Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka Adumi, nikalivua koti mwilini mwake, nikalitia kwenye karai. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi. Ya pili hivyohivyo. Kwenye mishono kulikuwa na unga uliokuwa umegeuka matope, nikautoa kwa kucha zangu, nikiwa nimegeuza uso, machozi yananitoka kwa harufu. Baba alikaa kwenye kigoda na fulana yake, akinitazama.

"Unaua koti yangu," akasema.

"Koti yako ndiyo inakuua wewe."

Nilimshonea kifuko cha kitambaa cheupe, cha kuning'iniza shingoni, ili kidude kisikutane tena na mfuko wowote. Nilichagua cheupe kwa makusudi. Nilitaka uchafu wowote uonekane. Nilirudi Arua na mikono inayonuka kama ya utoto wangu, na usiku huo nilikula ndizi mbivu tu kwa uma.

Baada ya wiki mbili jirani akapiga tena kwamba kidude kimekataa chaji. Safari hii sikusema niletewe, nilikwenda mwenyewe. Baba akakitoa kidude kwenye kifuko, akanipa bila kunitazama. Kifuko kilikuwa cheupe kama siku niliyokishona. Nikakigeuza nje ndani, nikapita kidole kwenye pembe zake, hakuna hata chembe. Nikatazama tundu. Limejaa mpaka mdomoni.

Nilikaa palepale kwenye ngazi ya mlango nikalisafisha mbele yake. Uchafu wa mfukoni huwa umekaa hovyo. Huu ulitoka kwa matabaka, umekandamizwa, na katikati yake ikatoka ncha ya njiti ya kiberiti iliyovunjikia ndani. Niliiweka kwenye kiganja changu nikamnyooshea.

"Baba, hii nini?"

"Njiti."

"Nani ameweka?"

"Mimi." Hakuona aibu. Alikaa vizuri kwenye kigoda. "Nilisema kama iko na moto, mimi hapana gusa taba. Ndiyo neno yangu. Siku haina moto, neno haiko."

"Umevuta mara ngapi?"

"Siku haina moto tu. Ikiwa na moto sijavuta hata moja. Uliza mutu yeyote."

Nilicheka, na kicheko kilitoka kibaya. Mzee huyu alikuwa ameshika neno lake kwa ukamilifu kabisa. Mwezi mzima mimi na kaka tulipima nyaya na kulaumiana kuhusu sola, na yeye kila alipozidiwa alikwenda kwenye njiti yake, akaua chaji, akavuta akiwa mtu mwaminifu. Niliona kinyaa. Kwa kidude, kwa kaka na matunda yake, na kwangu mimi pia, niliyekuwa nimejifanya mlinzi wa taa nyekundu.

"Si ungesema hukitaki," nikamwambia.

"Nitasema aje? Mulifurahi." Akatema mate pembeni. "Ile kitu iko na sukari. Iko kama pipi imetoka mdomo ya mutoto mwingine, halafu wewe unanyonya. Kila siku nasikia kutapika. Wewe unajua ile ya kutapika nyuma ya banda? Ile."

Sikujua kama alikuwa anakumbuka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba akisema kitu kinamtapisha, na sasa tulikuwa wawili, mmoja kwenye ngazi na mmoja kwenye kigoda, kila mtu na kinyaa chake.

Nilisimama nikaenda chooni nikakitupa kidude shimoni. Betri haitupwi chooni, mimi fundi najua kuliko wengi, lakini niliitupa. Niliporudi alikuwa amekitoa kiberiti mfukoni, amekishika tu.

"Sasa hakuna cha kuwa na moto wala kukosa moto," nikasema. "Toa neno lingine, lisilo na betri."

Alikigeuza kiberiti mkononi. Kisha kikohozi kikamshika, kile kinachoanzia chini na kumkunja, nikamshika mgongo nikahesabu mbavu zake kwa vidole bila kutaka. Kilipoisha akafuta mdomo.

"Kusema milele siwezi," akasema. "Iko kubwa."

"Sema linalokutosha."

Akafikiri. "Leo," akasema. "Leo mimi hapana vuta. Kesho sijui."

Akanipa kiberiti.

Tangu siku hiyo nampigia kila asubuhi saa moja, kabla sijafungua duka. Nasema, baba, leo? Yeye anasema, leo hapana. Basi, tunakata. Wakati tulipoanza watu wa Adumi walikuwa wanapanda mahindi, na sasa yamekauka shambani, na hajakosa hata asubuhi moja. Kaka bado analalamika kwamba nilitupa kitu kizima. Kifua cha baba hakijapona, lakini usiku, jirani ananiambia, sasa anapata kulala.

Leo asubuhi nimepiga, naambiwa simu haipatikani. Nimerudia mara nne. Nimempigia kaka Koboko, akasema ni chaji tu, jana mvua imenyesha kutwa, sola itapata wapi jua. Inawezekana. Mimi mwenyewe mteja akiniambia hivyo ningemjibu hivyohivyo. Lakini simu ya baba ina tundu lilelile la kile kidude, ukubwa uleule, na yeye kuziba tundu kwa njiti hahitaji kufundishwa. Na neno lake, nikilifikiria vizuri, halitolewi mpaka nipige; nisipompata, siku hiyo hana neno.

Duka sijalifungua. Kwenye mkoba nimetia sindano, spiriti na waya wenye uzi mwekundu, na pikipiki inaningojea nje. Njia nzima ya Adumi nitaomba kitu kimoja tu, nikute tundu safi.