Kompyuta Iliyokwenda Kasi Kuliko Basi

Mtaani aliitwa Mama Kadi, kwa sababu ilikuwa vigumu mtu wa pale kuoa au kuolewa bila kadi za mwaliko kupita mikononi mwa mama huyu. Alizichora nyumbani, kwenye kompyuta iliyokaa sebuleni kati ya kabati la vyombo na dirisha. Kompyuta yenyewe haikuwa na ubavu. Mfuniko wa upande mmoja uliondolewa zamani ukatupwa juu ya kabati, na mbele ya matumbo yake yaliyo wazi ilisimama feni ya mezani, ile ya kupepea watu, ikipepea nyaya. Mgeni akiuliza, Mama Kadi alimjibu kwa mkato, "Inasikia joto." Mgeni alijifanya ameelewa.

Aliyeivua nguo kompyuta ile alikuwa mumewe, dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwandani. Basi lake lilifungwa kidhibiti mwendo, kile kifaa kinachomnyima dereva kasi hata akikanyaga mafuta mpaka sakafuni, na kwa mtu mwenye damu moto kama yule hiyo ilikuwa adhabu tosha. Kutwa nzima alipitwa na malori ya mchanga. Alirudi nyumbani amenuna kana kwamba malori yale yalimtukania mama yake. Basi siku moja fundi wa kompyuta, katika kupiga soga tu, akamwambia kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani imepangiwa mwendo wa kujihadhari, na mwenye roho ngumu anaweza kuiongeza. Fundi akamaliza chai yake akaenda zake, hana hili wala lile. Hakujua amewasha moto gani.

Tangu hapo dereva hakununa tena. Akitoka kazini, jua bado liko dirishani, alivuta kiti akafungua ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa. Anapandisha mwendo kidogo, anawasha upya, anasubiri. Mama Kadi alikaa upande wa matumbo, ameshika feni kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili kikigusa kipoza joto kilichokaa juu ya prosesa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kutoa taarifa.

"Vipi huko?" dereva aliuliza.

"Vuguvugu."

"Tunatia gia nyingine."

"Wewe baba, hii siyo barabara kuu! Nina kadi za watu humu!"

"Mke wangu, shika feni."

Na yeye alishika, huku akilalamika, maana kulalamika kulikuwa sehemu ya starehe yenyewe. Skrini ikiwa ya buluu, ishara kwamba kompyuta imeshindwa, dereva alijipiga gotini kwa hasira akarudi nyuma gia moja. Kompyuta ikiamka salama, alisimama akatembea sebule nzima kifua mbele. Binti yao, aliyekuwa bado wa shule, alikuwa akifanyia kazi zake za shule jikoni ili asichaguliwe kuwa mwamuzi.

Kosa lao kubwa walilifanya siku dereva alipovimba kichwa akapandisha prosesa na memori kwa mpigo. Kompyuta iliamka kama kawaida, ikafungua kila kitu upesi, na wote wawili walishangilia. Kumbe memori ilikuwa imezidiwa, nayo ikizidiwa haipigi kelele. Inaharibu kimyakimya. Kadi za bibi harusi mmoja zilitoka kwenye mashine ya kuchapia na maua yaliyokatikakatika mistari, kama yamepitiwa na wembe. Mama Kadi alimkaanga mumewe jioni ile bila kumpa nafasi ya kujitetea. Dereva alisikiliza, akajikuna kichwa, kisha akasema kwa unyenyekevu ambao haukuwa wake, "Basi memori tuiache itembee. Prosesa peke yake ndiyo ikimbie." Alishusha moja, akabakiza nyingine, na hapo ndipo walipopata mwendo wao. Hawakuugusa tena.

Ikawa miaka mizuri. Nasema mizuri ingawa feni ilikuwa ikiunguruma sebuleni hata mtu hasikii redio. Dereva aliwaambia abiria wake kwamba nyumbani ana chombo kinachokimbia kuliko basi lao, nao walimcheka, naye alicheka zaidi yao. Mkewe akichora kadi, dereva alivuta kiti chake karibu, amshike bega, atazame maua yakijipanga kwenye skrini. "Ona inavyoteleza," alisema kila siku, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kisha dereva akaugua, na ugonjwa haukumkawiza.

Mama Kadi hakulia mazikoni. Watu walimsifu kwa uvumilivu, lakini haukuwa uvumilivu. Machozi yalikataa tu. Alirudi kwenye kompyuta yake, akaiwashia feni, akaendelea na kadi za watu.

Mwaka ulikuwa haujatimia binti alipoposwa. Sasa alikuwa muuguzi, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Kadi yake, bila shaka, ilikuwa ya mama yake kuchora. Lakini kompyuta ikaanza vituko. Inafunguka vizuri, inafanya kazi kidogo, halafu inaganda, na kilichoandikwa kinapotea. Siku zikapita. Shangazi za binti walipiga simu kuulizia kadi, wa upande wa bwana harusi nao wakaulizia. Mama Kadi aliwajibu wote jibu moja, "Mashine ndiyo inanikwamisha."

Siku moja binti alisimama nyuma yake akasoma skrini kabla haijaganda. Palisomeka "Familia ya Bwana na Bibi", kisha jina la baba yake, "inayo furaha kubwa kukualika."

"Mama," alisema taratibu, "umemwandika baba kama yupo."

"Nitarekebisha. Mashine inaganda kabla sijafika."

"Kila mara?"

Ukweli ni kwamba kila kompyuta ilipoganda, Mama Kadi alipumua kwa nafuu.

Binti akamwita yule fundi wa siku zile bila kuomba ruhusa. Fundi akapuliza vumbi, akapaka upya ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akawasha. Ikaganda. Akajifuta mikono.

"Mama yangu, prosesa imechoka. Mwendo huu haiwezi tena. Tukiirudisha kwenye mwendo wa kiwandani itakutumikia hata miaka."

"Mwendo huo aliuweka yeye," alisema Mama Kadi.

"Najua, mama. Mimi ndiye niliyemtia hamu hiyo."

"Hakuna aliyeugusa tangu auweke."

Binti akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake. "Mama, sikulazimishi. Kadi naweza kumpa mtu mwingine achore. Ila nitaolewa mara moja tu, na nilitaka mkono wako."

Hapo mama akapiga moyo konde. Alimwambia fundi asogee, akafungua mwenyewe ule ukurasa wa mipangilio, akachagua mwendo wa kiwandani, akabonyeza kukubali. Kompyuta ilizimika, ikawaka, ikaamka polepole. Fundi akagusa kipoza joto, akasema kimepoa, feni haihitajiki tena, akaizima. Sebule ikawa kimya hata maji ya bomba la jikoni yalisikika yakidondoka.

Fundi alipoondoka, Mama Kadi alifungua kadi ya binti yake. Aliweka maua, akapanga tarehe na ukumbi, akazunguka huku na huku, mpaka hakikubaki cha kuzunguka. Alifuta ule mstari wa juu. Akaandika Familia ya marehemu, na baada yake jina la mumewe, herufi moja moja. Halafu akakaa, mikono mapajani, akingoja igande.

Haikuganda. Mshale ulikuwa bado unatembea, na kompyuta iliuliza kwa adabu kama ihifadhi. Safari hii hakuwa na wa kumsingizia. Alibonyeza ndiyo, akalaza kichwa mezani, akamlilia mumewe kwa sauti, kilio kilichokuwa kimekataa kutoka siku ya maziko, na binti yake alimshika mabega bila kumwambia anyamaze.