Kitunguu cha Mama Mkubwa na Lenzi Zangu

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti chako upande huu, feni isikupige usoni. Nataka kukueleza habari za macho makavu, na nitakwenda polepole, kwa sababu mimi nilielezwa haraka haraka nikaelewa vibaya.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kampuni binafsi zilikuwa zikichipuka Mwanza kama uyoga, nyingi zikinunua sangara na kupeleka minofu Ulaya. Sisi tulibaki na vichwa na mifupa, tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Nilipata kazi ya mapokezi katika kampuni mojawapo. Mkurugenzi wetu alikuwa mtumishi wa shirika la umma mpaka shirika lilipouzwa, na tangu hapo aliamini kwamba kila kitu cha zamani kimeoza, ikiwemo miwani yangu. Ilikuwa na fremu nyeusi na vioo vinene kama kitako cha chupa ya soda.

“Binti,” aliniambia, “mgeni wa nje akikuona na hiyo miwani atadhani bado tunapanga foleni ya sukari.”

Basi nikaenda kliniki moja ya macho, nikapata lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Kama hujawahi kuziona, ni vitu vidogo, laini, vya mviringo, vinavyong'aa kama gamba la sato lililolowa maji. Unailaza lenzi kwenye ncha ya kidole, unaibandika juu ya mboni, unapepesa, na dunia inatulia mahali pake. Miwani yangu ilikuwa imepitwa na macho siku nyingi, mimi sijui. Asubuhi ya kwanza nilipotoka nje, kwetu Kirumba, niligundua kwamba muuza duka wa jirani, niliyekuwa nikimwamkia shikamoo kila siku, alikuwa kijana wa rika langu. Naye alikuwa akiitikia marahaba bila aibu.

Tatizo lilikuwa kiyoyozi. Mkurugenzi alipenda suti ya vipande vitatu, na huwezi kuvaa suti ya vipande vitatu Mwanza mpaka uwe na baridi ya kuagiza. Kiyoyozi kilifungwa mbele ya meza yangu, kikanipuliza usoni tangu asubuhi. Kufikia saa nne macho yalikuwa kama yametiwa mchanga. Kufikia saa sita yalikuwa yakimwaga maji.

Hapa tusimame kidogo, maana wengi hukwama hapa. Utaniuliza, jicho kavu linatoaje machozi? Ni hivi. Jicho lina unyevu wake wa kila siku, wenye mafuta kidogo, unaotandazwa kila unapopepesa. Unyevu huo ukipungua, jicho linashtuka na kuita maji ya dharura. Maji hayo ni mepesi mno. Yanabubujika, yanateremka shavuni, na jicho linabaki kavu vile vile. Ofisi yetu ilifanya hivyo hivyo kila walipokuja wageni: watu wote mbio huku na huku, na kazi haikusogea hata kidogo.

Sasa, kwetu mtu mzima akilia ofisini maana yake ni moja tu.

“Pole, dada,” wateja waliniambia. “Ni nani tena?”

“Hakuna mtu. Ni macho.”

“Najua. Hata mimi nilipofiwa nilisema ni macho.”

Wenzangu walianza kuchanga rambirambi kabla hawajajua marehemu ni nani. Nilipata nafuu siku za mgao wa umeme tu. Kiyoyozi kikizima, mkurugenzi anavua koti, na mimi naona vizuri. Nadhani mjini kote ni mimi peke yangu niliyeombea umeme ukatike.

Nikarudi kliniki. Daktari, mama mmoja mwenye sauti kubwa, aliniangalia kwa muda.

“Unapepesa?”

“Napepesa, daktari.”

“Hupepesi. Tangu uingie unanikodolea kama sangara juu ya barafu.”

Ilikuwa kweli. Niliogopa kwamba nikipepesa lenzi zitadondoka. Akanifafanulia kwamba kope ndizo zinazotandaza ule unyevu, kwa hiyo asiyepepesa anakausha macho kwa mikono yake mwenyewe. Akaniambia niisogeze meza itoke kwenye njia ya kiyoyozi, nitumie matone yanayofaa mtu mwenye lenzi, si matone yoyote ya dukani, na nizivue nikifika nyumbani ili macho yapumzike. Nisizilowanishe kwa mate wala kwa maji ya bomba, na ya ziwani ndiyo kabisa nisithubutu. Nilifuata yote. Usikate tamaa kama mwanzoni huoni tofauti, mimi pia sikuiona. Baadaye macho yalitulia kabisa, hayatoi hata tone.

Na hapo ndipo nilipotakiwa kulia.

Nilikuwa nimechumbiwa, na sherehe ya kuniaga, ambayo kila mtu aliiita sendofu, ilikuwa imefika. Sisi ni watu wa Kagera, na kwetu binti anayeagwa lazima alie. Akitoka na macho makavu, watu watasema mama yake hakumlea kwa upendo, mtoto alikuwa akisubiri mlango ufunguliwe akimbie. Mama yangu alinilea peke yake baada ya baba kufariki. Jasho lake lote la kunilea lingepimwa jioni hiyo, mbele ya ukumbi mzima, kwa machozi yangu.

Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, alikuja kwa meli kutoka Bukoba kusimamia jambo hilo.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Unalia?”

“Silii, mama mkubwa.”

“Naona hulii. Nauliza, utalia?”

Nilimwambia sijui. Nilimpenda mchumba wangu, na nyumba aliyopanga ilikuwa Mabatini. Kutoka hapo ningeweza kutembea kwa miguu mpaka kwa mama kula chakula cha mchana.

“Usilete hesabu za Mabatini hapa,” alisema. “Mama yako alipoolewa alilia kutoka mlangoni kwetu mpaka bandarini. Abiria wa meli walilia naye, watu wasiomjua!”

Jioni yenyewe ukumbi ulijaa. Matarumbeta yalipigwa, keki ikaletwa, na mpiga video akawasha taa yake kubwa iliyotoa joto kama jiko la mkaa. Ukoo wa mchumba wangu, Wasukuma wa Sengerema, walikuwa wamevuka na kivuko kutoka Kamanga tangu mchana, na sasa walikaa mstari wa mbele wakinitazama kwa makini. Nikapiga magoti mbele ya mama kuagana naye. Muziki ukazimwa.

Sikupata machozi. Nilijaribu kumkumbuka baba, hayakuja. Nilijaribu kukumbuka ada za shule alizohangaikia mama. Nilihuzunika moyoni, machoni kukabaki shwari.

Mshereheshaji akanyanyua kipaza sauti. “Jamani, huyu binti ana haraka! Bwana harusi, gari lipo tayari?”

Ukumbi ukacheka. Nikasikia mwanamke wa mstari wa mbele akimnong'oneza mwenzake, “Hana uchungu na mama yake, huyo.” Mama alisikia pia. Niliona mdomo wake ukitetemeka kidogo, akajikaza.

Mama mkubwa akapiga magoti kando yangu, akanipa kitambaa kana kwamba ananifuta jasho. Ndani yake mlikuwa na kitunguu kilichokatwa.

“Vuta,” alinong'ona.

Nikakisogeza machoni, nikavuta. Hakuna kitu. Nikakikamua kwa vidole. Hakuna kitu. Mama mkubwa mwenyewe, aliyekuwa pembeni, alianza kutokwa machozi, lakini mimi nilikuwa mkavu. Maana nikueleze: lenzi imelala juu ya mboni kama kifuniko cha sufuria, na ukali wa kitunguu haufiki unapotakiwa kufika. Daktari hakuwa amenitajia faida hiyo.

“Una nini wewe?” aliuliza, akijifuta.

“Ni lenzi.”

“Zitoe!”

Akanifunika kwa khanga kama vile ananisitiri, na mimi, chini ya khanga, nikaingiza jichoni vidole vile vile vilivyokuwa vikikamua kitunguu.

Sitakueleza yale maumivu. Nilipiga yowe lililomfanya mpiga tarumbeta mmoja aangushe chombo chake. Nikazibandika lenzi kwenye kile kitambaa cha mama mkubwa, khanga ikaondolewa, na machozi yakanimwagika mpaka kifuani. Vigelegele vikalipuka pande zote mbili. “Analia! Mtoto wa watu analia!” Bibi mmoja wa Sengerema akasema kwa sauti, “Huyu kalelewa.”

Mimi sikuona mtu. Niliona ukungu na taa ya video. Mama aliinama akanikumbatia, akaweka mdomo sikioni pangu.

“Mbona unanuka kitunguu?”

“Ni mama mkubwa.”

“Nilijua. Hata mimi kanipa changu, kiko kwenye mkoba.”

Nikamuuliza, “Na ile safari yako ya kulia mpaka bandarini?”

“Vilikuwa viwili,” mama alinong'ona. “Nilitapika melini.”

Tukaanza kucheka. Tulikumbatiana kwa nguvu ili tusionekane, mabega yakatikisika, na kadiri yalivyotikisika ndivyo ukumbi ulivyozidi kulia kwa kutuonea huruma. Mama akafungua mkoba, akasukuma kitunguu pembeni, akatoa ile miwani yangu ya fremu nyeusi. Alikuwa ameibeba tangu nyumbani bila kuniambia. Akanivisha. Nikauona uso wake karibu, umelowa, unacheka, na mvi za pembeni ambazo sikuwa nimeziona. Hapo ndipo nilipolia kweli, na miwani ikaingia ukungu.

Mpiga video wakati huo alikuwa amegeukia keki.

Lenzi hazikuonekana tena. Mama mkubwa alikuta vitu viwili vimenata kwenye kitambaa, akadhani ni magamba ya samaki, akakikung'utia nje. Nilifunga ndoa na miwani yangu, na mkurugenzi, aliyekuja kanisani na suti yake, alilowa jasho kuliko bwana harusi. Baadaye nilinunua lenzi nyingine, na bado nazivaa. Macho hayanisumbui, kwa sababu kuna jambo moja sijalisahau tangu jioni ile, nawe ulifuate: kabla hujagusa lenzi, nawa mikono kwa sabuni, suuza vizuri, kausha kwa kitambaa safi, ndipo upeleke kidole jichoni.