Nguzo ya Pili

Nilipotia sahihi ripoti ya lile gati dogo la Liwatoni nilikuwa na hakika kabisa, na hiyo hakika ndiyo inayoniuma hadi leo.

Kazi yangu ni kuiga mwendo wa maji kwa kompyuta. Nayagawa maji vipande vidogo vidogo mfano wa matundu ya wavu, na chuma nacho nakigawa hivyo hivyo, kisha naiachia programu ihesabu: maji yanakisukuma chuma kiasi gani, chuma kinapinda kiasi gani, na kupinda kule kunayageuza vipi maji. Inarudia maelfu ya mara, mpaka pande zote mbili zikubaliane.

Gati lilisimama juu ya nguzo za chuma, mbili mbili, moja nyuma ya nyingine. Kompyuta ya ofisini ilikuwa dhaifu, nami nilikuwa na haraka. Nikaiga nguzo moja tu, ile ya mbele inayokutana na mkondo kwanza. Ikaonekana nzima. Nikaandika kwamba zote ni nzima.

Ijumaa moja, watu washaanza kulitumia gati, mjomba wangu alikuja kula kwetu Mji wa Kale baada ya sala. Yeye ni fundi wa injini za boti na hushinda Liwatoni.

"Lile gati lenu linatetema," akasema. "Ukiweka kikombe juu ya ubao, chai inacheza."

"Saa zote, mjomba?"

"La. Siku za bamvua tu, maji yanapotoka kwa nguvu."

Nikalirudisha tonge sahanini. Mama akaniuliza kama pilau imezidi chumvi.

Asubuhi yake, maji ya bamvua yakitoka, nilifuatana na mjomba. Tulishuka ngazi mpaka karibu na maji, nikaiwekea kiganja nguzo ya mbele. Kimya. Nikaigusa ya pili. Ilikuwa ikitetema kama ubavu wa friji. Hapo nikaelewa. Maji yakishaipita nguzo ya kwanza hukatika yakawa mizunguko, mmoja kushoto, mmoja kulia, na nguzo ya pili imesimama papo hapo kupigwa nayo. Juu yetu kina mama walikuwa wakipita na makarai ya samaki, mbao zikilia chini ya miguu yao.

"Kuna nini?" mjomba akauliza.

"Nilihesabu nguzo moja, mjomba."

Alinishika mkono tukapanda.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini nikaziiga nguzo mbili. Mara ya kwanza hesabu ilivurugika, ikatoa tarakimu zisizo na maana. Nikafupisha vipindi vya muda vya hesabu, nikaanza upya. Jumapili nzima nilikaa mbele ya ile mashine nikiomba hofu yangu iwe ya bure, na huku kila mara nikimkumbuka mjomba juu ya zile mbao. Jumatatu jibu likatoka: nguzo ya pili ilikuwa ikicheza kupita kiasi kinachoruhusiwa.

Mhandisi wetu mkuu ni mtu wa bara, mzee wa kanisa, mpole wa maneno. Aliisoma karatasi ya majibu mara mbili.

"Unaniambia tulikosea?"

"Nilikosea mimi. Wewe ulitia sahihi kwa kuniamini."

Aligeukia dirisha, akatazama kreni za bandari ya Kilindini. "Na kama umekosea tena, tutakuwa tumewafungia watu gati bure."

"Najua."

Akanyanyua simu. Kabla ya alasiri gati lilikuwa limefungwa kwa kamba.

Wavuvi walikasirika. Mwanamke mmoja muuza samaki alinifuata nilipokuwa nimesimama kando ya kamba. "Wewe ndiye uliyesema ni zima, na wewe ndiye unayesema ni bovu. Tukuamini lini?"

Nikamwambia mzamiaji atashuka kuikagua nguzo.

Mzamiaji alishuka Jumatano, maji yaliposimama, hayajai wala hayatoki. Nilibaki nchi kavu nikihesabu mapovu yake. Alipoibuka alivua kifaa cha kupumulia, akapanua vidole: ufa wa shubiri moja, kwenye mshono wa kulehemu, nguzo ya pili. Nilidhani nitafarijika kwamba safari hii sikukosea. Badala yake nikakaa juu ya kreti ya samaki, nikawaza siku ngapi watu walipita juu ya ufa ule kwa sahihi yangu.

Mafundi waliulehemu ufa na kuzifunga nguzo kwa vyuma vya mshazari. Niliandika ripoti upya, na kosa langu nikaliandika ndani yake. Mhandisi mkuu hakulifuta.

Siku ya kufunguliwa, yule muuza samaki alikuwa wa kwanza kufika, karai kichwani. Alisimama mwanzo wa gati, akanitazama.

"Tangulia wewe," akasema.

Nikatangulia. Alingoja hadi nilipofika mwisho, ndipo akakanyaga ubao wa kwanza.