Sanduku la Bushiri

Bushiri alirudi kutoka vita vya Mjerumani na kifua kibovu na miguu isiyo na vidole. Funza walimla njiani kuelekea Mahenge, akiwa amebeba sanduku la risasi za Waingereza. Bunduki hakuwahi kuishika. Wapagazi wenziwe waliokufa walifunikwa majani kando ya njia, na wengine hata majani hawakupata. Hilo ndilo aliloliogopa: si kufa, bali kutupwa.

Yeye na mkewe Mauza, muuza vitumbua, walipanga chumba Kariakoo, palepale palipokuwa kambi ya wapagazi. Ndugu hawakuwa nao mjini, na mjini asiye na ndugu huzikwa na chama chake cha ngoma. Chama cha beni cha mtaa wao kilikuwa na tarumbeta, kofia za kijeshi na vyeo vyote vya Kizungu. Mwanachama akifa, kilimtolea sanda, jeneza na khitima.

Mauza alikwenda kumwomba Jenerali wa chama, karani aitwaye Hamud, ambaye wakati wa vita alijificha Bagamoyo kwa shangazi yake.

"Mume wangu alikwenda vitani kweli, bwana. Mpokeeni."

"Askari wangu hupiga kwata, bibi. Huyo wako anakwenda kama kaa." Wenzake wakacheka. "Ila sikukuu tuna mchezo wa vita. Na atubebee sanduku, kama alivyowabebea Wazungu. Kutoka sokoni mpaka penye bendera, Mnazi Mmoja. Likifika, ni mwenzetu."

Siku ya Idi walilijaza sanduku mchanga, ili jasho liwe la kweli. Bushiri akajitwika. Mbele tarumbeta, kisha majenerali na panga zao za mbao, na yeye nyuma akichechemea.

"Mpagazi, kaza! Mjerumani huyo nyuma yako!"

Bendera ilikuwa imekwisha kuonekana alipoanguka. Damu ikamtoka kinywani. Kicheko kikazidi.

"Lo, fundi huyu! Anajua kufa!"

Mauza peke yake alijua kwamba hachezi. Alipiga magoti, akamfumba macho, akamgeukia Hamud.

"Amekufa, bwana. Mtamzika?"

Hamud aliitazama bendera, akawatazama wenzake.

"Sheria ni sheria, bibi. Sanduku halikufika."

Mauza akavua mtandio, akausokota ukawa kata, akauweka kichwani. Hakuna aliyemsaidia kujitwika. Alikwenda shingo ikitetemeka, akalitua chini ya bendera. Makofi yakavuma, wengi wakidhani ndio mwisho wa mchezo.

"Limefika," alisema.

Bushiri alizikwa alasiri ileile, kwa sanda mpya, na watu wengi.

Eda ilikwisha. Idi nyingine ilipokaribia, Hamud alipiga hodi. Mauza alikuwa jikoni uani.

"Bibi, Idi inakuja. Watu wanamwulizia yule mwanamke wa sanduku. Libebe tena, na wewe siku yako tutakuzika."

Mauza alikigeuza kitumbua, akangoja kiive, akakiepua.

"Mchanga ni uleule, au mtaongeza?" aliuliza.