Méthode wa Mablanketi ya Moto

Ilikuwa mwaka 2020. La, nakosea, na binti yangu Bridget angekuwa hapa angeshanikatiza. Mwaka 2020 tuliweza bado kuketi kwenye kochi la mtu tukanywa chai, mradi tusizidi idadi. Mwaka ninaousema ni ule uliofuata, 2021, helikopta zilipozunguka juu ya Doonside, mtaa wetu hapa Sydney, mchana kutwa, na wanajeshi wakabisha milango kuuliza kama walioambiwa wakae ndani wamekaa. Huo ndio mwaka wa blanketi.

Mimi nilikuja Sydney Januari 2020, kwa miezi mitatu tu, kumwona mjukuu. Nilikuja na jozi moja ya viatu. Mipaka ikafungwa nikiwa huku, na viatu vikaisha. Maisha yangu yote nilikuwa bawabu wa shule kule Awendo, Kenya, na shule yenyewe niliyosoma niliishia darasa la sita, kwa hiyo atakayesoma haya asitafute mkono wa mwalimu. Nataka kumweleza mtu mmoja tu, Méthode, kabla watu hawajamsahau.

Méthode alikuwa Mkongo wa Uvira, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu utoto. Alifanya kazi kwenye ghala la bidhaa upande wa Blacktown. Huko ghalani walimchagua awe mkuu wa moto wa zamu yake. Walimpa kizibao na kofia ngumu nyekundu, na kila baada ya miezi kadhaa wakamfundisha: moto wa karatasi unazimwa hivi, moto wa mafuta unazimwa vile, mtungi wa kuzimia unashikwa hapa, mshale wa kipimo chake ukae kwenye rangi ya kijani. Wenzake walichukulia ni usumbufu. Yeye alikuwa anaandika kwenye daftari.

Alikuwa na sababu. Ndugu yake mkubwa, Fidèle, alikufa kwenye kambi ya wakimbizi, kabla hawajaletwa Australia. Mafuta yaliwaka kwenye sufuria, Fidèle akakimbia na kidumu cha maji, akayamwagia. Mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Leo hata mimi najua hilo, lakini kambini nani angemwambia? Moto uliruka ukamvaa. Méthode alikuwa kwenye foleni ya mahindi. Aliporudi alimkuta ndugu yake bado anaongea, na alichoongea ni kimoja: umwangalie Gloriose. Gloriose alikuwa mke wa Fidèle.

Basi Méthode alimwangalia Gloriose miaka kumi na minne, kambini na huku. Hakumwoa, msinielewe vibaya, wala hakuwa na nia. Alimwangalia kama mtu anavyoangalia taa isizimike. Gloriose sote tulimwita Mama Ketsia, kwa jina la binti yake ambaye alikuwa ameolewa Brisbane; naye alimwita Méthode shemeki, yaani shemeji. Aliishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu, akifanya kazi ya kutunza wazee. Mikono yake ilikuwa laini ajabu. Wazee wa kizungu walikataa kuogeshwa na mtu mwingine.

Kila alipopata siku ya mapumziko, Méthode alipanda treni hadi Cabramatta, kwenye duka moja alilozoeana na mwenyewe, akanunua mablanketi ya kuzimia moto. Si blanketi la kulalia. Ni kitambaa kizito kisichoshika moto, kimekunjwa ndani ya mfuko mwekundu wenye mikanda miwili inayoning'inia chini. Unavuta mikanda, blanketi linatoka, unafunika sufuria, moto unakosa hewa, basi. Alituzungukia nyumba kwa nyumba, Wakongo na Wakenya na Warundi, na nyundo yake na misumari. Hakutaka hata soda.

Kwetu alikuja mara ya kwanza akanikuta peke yangu na mjukuu. Nikamwonyesha ukuta juu ya jiko. Akacheka.

"Mzee Owuor, jiko ikiwaka utapitisha mkono ndani ya moto ndiyo ufikie blanketi?"

"Sasa liwe wapi?"

"Pa mlango. Mtu anakimbilia mlango. Akikimbilia mlango, mkono yake inakutana nayo."

Akapiga msumari karibu na mlango, usawa wa bega langu, kisha akanifanyisha mazoezi kama mwanafunzi. Vuta. Kunja ncha ufiche vidole. Funika taratibu, usirushe. Zima jiko. Usifunue kuchungulia. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa Mama Ketsia nilimsindikiza. Tulipoingia jikoni, Méthode aliinua macho darini akasimama. King'ora cha moshi kilikuwa kimevalishwa ile kofia ya plastiki ya kuogea.

"Mama Ketsia! Hii king'ora inaenda kuoga?"

"Shemeki, achana nayo. Hiyo kitu iko na wivu. Nikikaanga samaki tu, inalia kama iko na njaa."

"Acha ilie. Wewe fungua dirisha."

"Na majirani?"

"Majirani watajua leo ni samaki."

Akapanda kiti akaivua ile kofia, akampa mkononi kama mtu anayemkabidhi mtoto mchafu kwa mama yake. Kisha akapiga msumari wake karibu na mlango na kutundika blanketi. Mama Ketsia alilitazama muda mrefu. Akasema ni zuri. Akasema tangu mume wake afe hakuna mtu aliyempigia msumari ukutani. Halafu akageuka kutafuta vikombe, na sisi tukatazama nje.

Hiyo ilikuwa Mei. Mwishoni mwa Juni wakatufungia. Julai wakakaza zaidi kwa wilaya zetu za magharibi: usiingie nyumba ya mtu, usitoke nje ya kilomita tano, barakoa hata ukiwa barabarani peke yako. Tuliruhusiwa saa moja ya kunyoosha miguu. Mimi saa yangu niliitumia kuzunguka mtaa ule ule, na Mama Ketsia alikuwa akinipitishia beignets mbili tatu kwenye dirisha la sebule, zimefungwa kwa karatasi. Sisi tungeziita mandazi, lakini yeye hakukubali. Alikuwa anazikaanga nyingi, kwa sababu watu wa kanisa lao waliokuwa wameambukizwa walikaa ndani hawana wa kuwapikia, naye aliwaachia mlangoni.

Siku moja ya Agosti nilimkuta Méthode amesimama nje ya uzio wa Mama Ketsia. Alikuwa ametembea kutoka kwake, barakoa imelowa. Mama Ketsia alikuwa mlangoni, kwa mbali.

"Blanketi iko?" Méthode alipaza sauti.

"Iko, shemeki. Iko fasi ya muzuri kabisa." Fasi kwao ni mahali.

"Naomba niingie niione. Dakika moja."

"Ingia basi."

Akashika lango. Wakati huo huo gari la polisi likatokea kwenye kona, pole pole, wale wawili ndani wakitutazama. Halikusimama. Lakini Méthode alikuwa ameshaonywa mara moja kwa kuonekana kwenye baraza la mtu, na maombi yake ya uraia yalikuwa hayajajibiwa. Mtu aliyekaa kambini miaka kumi na mitatu hachezi na mtu mwenye sare. Aliliachia lango kama limemuunguza.

Tukatembea pamoja hadi kona, huku tumeachana hatua mbili kama ilivyotakiwa. Akaniambia, "Mzee, wewe unapita hapa kila siku. Niangalizie ile blanketi. Macho yako ni kama yangu."

Nikamwambia asihofu.

Kesho yake nilipofika dirishani nilichungulia. Na nililiona. Sebuleni Mama Ketsia alikuwa na kabati la vioo, kitu cha kwanza alichojinunulia alipofika Australia, na ndani yake alipanga vikombe vya wageni, sahani zenye ukingo wa dhahabu, maua ya plastiki, na picha ya Fidèle akiwa kijana. Kati ya picha na vikombe alikuwa amelisimamisha blanketi, jekundu, linang'aa, limerudishiwa hata karatasi yake ya plastiki. Kabati limefungwa kwa ufunguo.

Aliona nikilitazama.

"Jikoni lilikuwa linarukiwa na mafuta, Mzee," akasema. "Zawadi ya shemeki ichafuke? Nikaona liheshimiwe kidogo."

Nami nikaona amefanya vizuri! Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Mke wangu marehemu, Wilkister, alikuwa na seti ya sahani aliyoletewa siku ya harusi yetu. Tulikaa nazo miaka thelathini na moja hazijaguswa na ugali, zikingoja mgeni wa kuzistahili, na siku zilipotolewa ni siku ya matanga yake. Kwetu kitu cha thamani huwekwa. Sikuwahi kukaa na kitu kipya nikakiacha jikoni. Na kabati la mwanamke si mahali pa mwanaume kutia neno. Nilichukua beignets zangu nikaenda.

Jioni Méthode alipiga simu. "Mzee, uliiona?"

"Nimeliona kwa macho yangu haya. Lipo, na limetunzwa vizuri."

"Asante, baba," akasema, na nilisikia akishusha pumzi.

Jumamosi moja ya Septemba, kama saa tano asubuhi, nilikuwa nakaribia nyumba ile nikasikia king'ora kikilia. Kwanza nilitabasamu, nikasema leo ni samaki. Halafu nikaona moshi ukitoka dirisha la jikoni, mweusi, na si moshi wa samaki.

Yaliyotokea ndani nimeyajua baadaye, kwa yeye mwenyewe. Alikuwa anakaanga, simu ikalia sebuleni, dada yake wa Uvira, na mtu wa nyumbani akipiga kipindi kile hukai ukaacha simu ilie, kwa sababu hujui nani amekufa. Aliporudi sufuria ilikuwa inawaka. Hakumwaga maji. Alikumbuka. Alikimbilia mlango kama alivyofundishwa, akanyoosha mkono kwenye msumari, na mkono wake ukashika kalenda ya kanisa aliyokuwa ameitundika hapo badala ya blanketi. Akakimbia kwenye kabati. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa kazini. Mkoba ulikuwa chumbani. Alipoupata, vidole havikuweza kuingiza ufunguo kwenye tundu, na pazia la jikoni lilikuwa limeshashika moto. Basi akarudi jikoni, akaishika ile sufuria kwa mikono miwili, akatoka nayo nje.

Mimi nilikuwa langoni nilipomwona akitoka. Aliiweka kwenye nyasi taratibu kabisa, kama mtu anayeandaa meza, ndipo akapiga kelele.

Zimamoto walifika upesi. Jiko na nusu ya ukuta viliungua, nyumba ikabaki. Yeye walimpeleka hospitali, na huko hakuna aliyeruhusiwa kumtembelea, si mimi, si Méthode, wala Ketsia, kwa sababu mpaka wa Queensland nao ulikuwa umefungwa. Bridget, ambaye ni muuguzi, alinieleza kwa maneno ya kazi yake. Nikamwambia aseme kama anavyosema kwa mtu. Akasema, "Baba, vidole vyake havitakunja tena." Kazi ya kuogesha wazee ikaishia pale.

Méthode hakunipigia simu. Nami sikumpigia. Wiki tatu nzima nilibadilisha njia ya kunyoosha miguu.

Oktoba wakatufungulia. Siku ya pili nilimwona Méthode anapita na nyundo, nikamfuata. Mwenye nyumba alikuwa amemruhusu atoe vitu, kwa sababu Gloriose alikuwa anahamia kwa Ketsia, Brisbane, mara tu watakapoweza kumpeleka. Sebule ilinuka masizi. Vioo vya kabati vilikuwa vyeusi. Méthode alivipangusa kwa kiganja, na blanketi likaonekana pale pale, jekundu, halina hata doa. Ufunguo ulikuwa bado umelala sakafuni. Akafungua, akalitoa, akalitazama kwa mbele na kwa nyuma.

Nilimwambia yote. Nilimwambia nililiona mle kabatini mwezi wa nane, na kwamba niliposema limetunzwa nilimaanisha kabati, na kwamba sikuona kosa. Nilisema nikiwa nimesimama, kofia mkononi.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliingia jikoni akang'oa ule msumari wake kwa nyuma ya nyundo, akautia mfukoni. Kalenda ya kanisa ilikuwa imeungua ikabaki uzi. Alipotoka alinipa blanketi mimi.

"Wewe iko nayo moja," akasema. "Hii mpe mwingine."

"Nimpe nani?"

Akarudi kulifunga kabati.

Tangu siku ile hakupita tena nyumba kwa nyumba. Ghalani aliwarudishia kofia nyekundu, akasema amechoka, wachague kijana. Uraia alikuja kuupata mwaka uliofuata. Walimkabidhi cheti na mche wa mti, kama ilivyo desturi ya huku, na mche huo sijui aliupanda wapi. Nilikuwa nikimwona kituoni Doonside, amekaa upande wa treni za kwenda Blacktown, na alikuwa akinisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mzee," halafu anatazama reli. Baadaye akahama, wengine wanasema Quakers Hill, wengine wanasema mbali zaidi.

Siku ile sebuleni, kabla hajatoka na nyundo yake, nilimuuliza neno moja. Nilimuuliza tena kituoni, mara mbili. Nikamuuliza hata Mama Ketsia kwenye simu, kwamba yeye anaonaje, akaniambia beignets za Brisbane hazina ladha. Nimelitundika lile blanketi karibu na mlango wa jikoni kwa Bridget, chini ya lile la kwanza, na kila nikipita na kikombe changu cha chai namuuliza tena, ingawa hayupo: Méthode, ningekuambia jioni ile kwamba liko kabatini, na polisi wote wale barabarani, ungeingia?