Babu Mogire na Kilima Kilichoshiba Maji

Babu yangu Mogire alikuwa mtu wa wasiwasi, na mwaka 1968 wasiwasi wake wote ulikuwa kile kilima nyuma ya nyumba yetu, karibu na Nyaramba. Baba alikuwa amekata miti yote ili apande pareto. Sijui nani alimdanganya kwamba maua yana mizizi ya kushika kilima. Kisha akaenda zake Kericho kutafuta kazi, akatuachia hofu.

Kila alasiri upepo ulipanda kutoka upande wa magharibi, kwenye ziwa kubwa, ukiwa umebeba unyevu. Ukifika huku kwetu juu, kwenye baridi, unyevu ule hugeuka mawingu, na mawingu hugeuka mvua. Zamani miti ilikunywa sehemu ya maji hayo, na mizizi yake ikashika udongo. Sasa udongo uliyanywa peke yake, msimu mzima, na ulikuwa umeshiba.

Asubuhi moja nilikwenda kwenye chemchemi ya chini ya kilima nikakuta maji mekundu, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu juzi. Nikamkimbilia Babu.

"Huo ni udongo wa ndani ya kilima," alisema. "Kinaanza kukatika. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko shamba la ng'ambo, Babu. Bochaberi amelala nyumbani."

Bochaberi, mdogo wangu, alikuwa hajaanza hata kutambaa. Tulikimbia. Juu ya nyumba ardhi ilikuwa imepasuka, na vijiwe vilikuwa vikiviringika hadi ukutani. Mlangoni, Babu akasimama ghafla.

Kwetu baba mkwe haingii nyumba anamokaa mke wa mwanawe. Ni aibu kubwa, na Babu hakuwa mtu wa kufanyia aibu mzaha. Nilitaka kupenya mimi, akanishika mkono. Nguzo zilikuwa zikilia, naye hakutaka kupoteza wajukuu wawili.

Akainamisha kichwa, akaingia.

Alitoka na mtoto ndani ya blanketi. Tulikuwa hatujapita migomba ya uani wakati kilima kiliposhuka na kuifunika nyumba.

Mama alifika mbio, matope hadi magotini. Babu aliniwekea Bochaberi mikononi, akageukia upande mwingine. Aibu ilimzuia kumtazama mkwewe.

"Mwambie mama yako mtoto hajaumia," alisema. "Na umwambie nimeingia nyumbani kwake."

Mama alikuwa amesimama papo hapo, amesikia kila neno. Hata hivyo nikamwambia.